Shingo Zilizofunikwa

Mwasiti, acha mawese yako, soma kwanza. Nimenusurika kupelekwa kambi ya malale.

Yule mwanafunzi wa udaktari, aliyetumwa na chuo kikuu cha Udachi ajifunze kazi huku kwetu, leo ameingia katika darasa letu la kusoma, akatafuta uvimbe wa malale shingoni mwetu.

Sikujifunua mbele ya mwanamume. Akanipapasa juu ya ushungi. Mkalimani Asmani akasema, "Mama, iko uvimbe mbili. Panda mutumbwi wa kambi."

Uvimbe mbili! Na mtoto wangu mgongoni!

Nikajibu, "Ni hirizi." Ndiyo, zile za ngozi ulizonifunga wewe.

Asmani akacheka, "Hirizi? Basi mimi niko mwami, mufalme!"

Nikaingiza mkono chini ya ushungi, nikazifungua, nikaziweka mezani mbele ya mwalimu, yule yule anayetukataza hirizi. Aibu, dada.

Mdachi akapapasa tena. Shingo tupu. Akamwuliza Asmani, "Wale mama wa Minago waliopelekwa asubuhi, walijifunua?"

"Hapana, bwana. Wote Waislamu."

Akatoka mbio.

Ninapokuandikia yuko ziwani, anaufuata mtumbwi wao peke yake, na kasia amelishika juu chini.