Jani la isale kwenye kitabu cha wachunga ng'ombe

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba. Ng'ombe amezaa ndama jike, na ndizi zipo tele, ila walaji tumebaki mimi na paka.

Unauliza lile jani kavu liliingiaje kwenye kitabu cha Wamarekani ulichochukua kabatini kwangu. Mama yako ndiye aliyenisomea, akiwa kidato cha pili. Kibosho nzima hakukuwa na binti kama wangu: macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Mimi namenya ndizi, nasikiliza. Humo kitabuni ndugu wawili, mkubwa na mdogo, walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, kila mtu upande wake. Vita vikaisha, wakawa wanachunga ng'ombe ng'ambo hii na ile ya mto, kila mmoja anaona moshi wa mwenzake, salamu hakuna.

Nikauliza, "Kwani huko hawana isale la kuombea msamaha?"

Mama yako akacheka. "Mama, hiyo ni Marekani."

Mimi sikucheka. Dada yangu mkubwa, Ndeshi, alikaa ng'ambo ya mfereji wetu, na tangu tumzike mama hatukusemezana. Nikamwambia mama yako aache kusoma. Nikakata jani la isale mpakani, nikalihifadhi kitabuni nimpelekee Jumapili. Jumapili zikapita nyingi, maana kwa kiburi hakuna wa kunishinda. Kisha Ndeshi akafa.

Siku hizi asubuhi natazama ng'ambo, sioni moshi.

Wewe umekisoma hadi mwisho. Hebu niambie, yule mdogo alivuka mto?

Bibi yako anayekupenda,
Mama Manka