Kidole cha Bwana Nestler

Jumatano, 2 Novemba 1768

Toa mikono hiyo kwenye kinanda, kijana, kabla sijaichapa kwa mwiko! Ndivyo nilivyomwambia leo asubuhi, na sijutii. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, kasoma Erfurt, ana barua tatu za sifa — halafu anabonyeza vibao vya klavikodi ya marehemu kama anayesukuma ng'ombe atoke zizini. Klavikodi! Kinanda ambacho jirani akipiga chafya hukisikii tena. Ukikibonyeza kwa nguvu nyingi unaunyonga waya, noti inapanda nje ya njia yake, inalia kama paka aliyekanyagwa. Mimi sijui kusoma noti hata moja. Shule nilikwenda majira mawili ya baridi tu. Lakini nimelala ukuta mmoja na kinanda hicho miaka arobaini na moja, na masikio yangu sikuyazika pamoja na mume wangu Gottlob.

Jina lake Traugott Nestler. Amekuja jana kuomba kazi ya ogani ya kanisa, kazi ya marehemu mume wangu. Mrefu, mashavu mekundu, mnyenyekevu mno. Ukimgombeza anasema, ndiyo, Bibi. Inaudhi. Mtu unataka ajibu kidogo.

Desturi ya hapa Wiesenroda ni ile ile ya zamani: atakayepata ogani anapata na nyumba hii, na anamwoa binti wa nyumba, ili baraza la mji lisibaki na wajane mikononi. Binti mwenyewe ni mjukuu wangu Rosina, ambaye baba na mama wako makaburini. Nestler akishindwa mtihani wa baraza, au Rosina akimkataa, siku ya mwaka mpya tunatoka. Mimi nyumba ya wajane, kitanda cha pili kutoka kwa yule mjane wa mtengeneza ngozi anayekoroma kama msumeno. Rosina akatumike jikoni kwa watu. Klavikodi iuzwe.

Hapana!

Alhamisi, 3 Novemba

Baada ya chakula Rosina alipiga kidogo. Nestler alisimama mlangoni na kijiko mkononi hadi supu yake ya bia ikapoa, ikafanya ngozi.

Rosina anapiga alivyofundishwa na babu yake. Anabonyeza kwa nyama ya kidole, si kwa mfupa. Kisha noti moja anaishikilia, anaitikisa pale pale, nayo inatetemeka kama sauti ya mtu anayejizuia kulia. Wajuzi wa klavikodi husema ufundi wote uko hapo, mengine ni mazoezi. Angekuwa na ndevu huyu, baraza lisingehangaika kutafuta mtu.

Wakati wa kuosha vyombo nikamuuliza, wamwonaje mgeni?

"Bibi, yule hapigi. Anatwanga."

"Atajifunza."

"Na asipojifunza?"

"Utaziba masikio."

"Miaka arobaini na moja?"

Mdomo ule kautoa wapi mtoto huyu, mimi sijui.

Ijumaa, 4 Novemba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ardhi imeganda, jembe halina kazi. Nikampa gunia la manyoya ya bata bukini.

Wanawake wa mtaa wanne walikuja, tukazunguka meza. Unashika unyoya, unavua malaika yake, ile sufi laini, pande zote mbili kwa ncha za vidole, mti wake unatupa, malaika unarundika katikati. Hakuna kucheka. Hakuna kuhema. Mlango haufunguliwi hata kwa Mchungaji. Nikamwambia Nestler, vidole vyako vitasoma hapa. Ukiweza kuyavua haya bila kuyaamsha, klavikodi utaiweza.

Na aliweza! Saa nzima. Barbara, mke wa seremala, akaninong'oneza kwamba kijana ana mikono ya mkunga. Kisha yule yule Barbara, mdomo wake haujui likizo, akamgeukia:

"Bwana Nestler, si unajua ogani inakuja na mke? Umeshamkagua, au unasubiri wakufungie kwenye karatasi?"

Nestler akashusha pumzi. Moja tu! Lundo zima likapanda darini. Rosina akatoka nje kwa hasira, akafungua mlango, upepo ukaingia — nisiseme. Tumemeza manyoya. Paka wetu mweusi leo ni mweupe. Barbara amecheka hadi akateleza benchini, wala sikumwinua.

Supu ya kabichi ina malaika ndani. Nestler nimemlisha bakuli mbili.

Jumapili, 6 Novemba

Panya! Wametafuna ngozi ya mivukuto ya ogani. Katikati ya wimbo wa pili ogani ikakohoa, ikapiga mluzi, ikafa. Mchungaji akamalizia peke yake, na sauti yake mnaijua.

Haitatengenezwa kabla ya Krismasi. Hii ni balaa kwa Nestler. Kwenye ogani wanasema ni simba, akikanyaga zile mbao za miguu benchi zinatikisika. Kwenye klavikodi bado ni simba, na hapo ndipo penye shida.

Meya Hartung akaja baada ya ibada, kofia kichwani, mlangoni mwangu. Mtihani utafanyika Ijumaa, sikukuu ya Mtakatifu Martin, humu ndani, kwenye klavikodi.

"Mama Zeuner, kama ni mzigo, baraza linaweza kukusaidia..."

"Sijaomba msaada."

"Nasema tu, ile nyumba ya wajane tumeipaka chokaa upya. Imependeza."

"Basi hamia wewe."

Akavua kofia. Kumbe anajua kuivua.

Jumanne, 8 Novemba

Noti saba mfululizo safi kabisa. Nikampa soseji. Ya nane, paka aliyekanyagwa. Nikaichukua soseji yangu.

Ijumaa, 11 Novemba. Mtakatifu Martin

Mikono yangu ina mafuta ya bata na ukurasa huu nao utakuwa nayo. Potelea mbali. Lazima niandike.

Saa tatu nilisimamisha saa ya ukutani. Paka nikamfungia ghalani. Seremala nikamtumia ujumbe kwamba akigonga msumari mmoja leo, mkewe Barbara hatakanyaga tena hapa. Akagonga miwili. Barbara mwenyewe akaenda kumnyamazisha.

Wakaja watatu: Meya, Mchungaji, na mzee Wolfram wa baraza, ambaye ni kiziwi tangu vita. Wakaketi magoti yakigusana. Nikawaambia wasivue koti, vitambaa vina kelele. Mchungaji akataka kuomba kwanza. Nikamwambia aombe kimoyomoyo.

Nestler akakaa. Rosina akasimama nyuma yake kumfunulia karatasi, maana mimi sijui ukurasa unaisha wapi. Akaanza. Kimya! Unasikia kuni zinavyojinyoosha kwenye jiko. Unasikia tumbo la Mchungaji, maana bata wangu alikuwa anaiva chumba cha pili. Na katikati ya tumbo na kuni, ile sauti ndogo, kama mdudu anayeomba.

Mwanzo alitwanga. Nikafumba macho, nikakiona kitanda changu cha pili kutoka kwa mjane anayekoroma. Kisha akafika pale pa taratibu. Rosina akainama kufunua karatasi. Kidole cha Nestler kikawa juu ya noti moja ndefu — kikatetemeka! Noti ikalia. Ikalia kweli. Ya pili ikalia. Nikafungua macho. Shingo ya kijana imelowa, masikio mekundu kama kilemba cha jogoo. Huo si ufundi! Huo ni woga! Woga mtupu umeshuka mkononi, umeingia kwenye kibao, umefika kwenye waya.

Mzee Wolfram ndiye aliyeanza kulia. Kiziwi! Meya alipomwona analia, naye akatoa leso, asionekane hana moyo. Mchungaji akasema mtetemo wa namna ile hajausikia tangu alipokuwa kijana Dresden. Wakamshika mkono. Wakala bata wangu mzima, wakaniachia shingo.

Nestler akanifuata jikoni.

"Bibi, nimewadanganya wale wazee. Kidole kilitetemeka chenyewe."

"Nimeona."

"Niwaambie?"

"Waambie, halafu uone nitakavyokutia kwenye sufuria hii alimotoka bata."

"Ndiyo, Bibi."

Lakini hajapata bado. Kazi inatiwa sahihi na Mkuu wa Jimbo, naye anafika keshokutwa na mkewe. Mke huyo anapiga klavikodi mwenyewe, kwa hiyo hadanganyiki kama Wolfram. Meya anataka Nestler apige nyumbani kwake Jumapili baada ya ibada. "Na mtetemo ule ule, Mama Zeuner. Ule ule."

Jumamosi, 12 Novemba

Mtetemo haupo! Amekaa tangu asubuhi, kidole kimetulia kama gogo. Nikamwambia atetemeshe kwa makusudi kama Rosina. Akajaribu. Paka akajibu kutoka ghalani.

Basi ikabidi tumtishe. Barbara akadondosha pipa tupu nyuma yake. Akageuka, akauliza kama ameumia. Nikamweleza habari za mpiga ogani wa kijiji cha pili aliyekufa kwenye ngazi ya mnara. Akasikitika, akauliza kama ameacha watoto. Nikaingia mbio napiga kelele, nyumba inaungua! Akachukua ndoo akazima jiko langu. Jiko zima. Tumekaa na makoti hadi jioni.

Huyu haogopi kitu. Haogopi pipa, kifo wala moto. Sasa jana aliogopa nini? Meya? Meya haogopwi hata na mbwa wake.

Rosina amekataa kusaidia. Yuko juu, anashona pindo ambalo nilishalishona.

Jumapili, 13 Novemba

Naandika haya mezani, na kofia yangu ya kanisani iko kichwani. Mtumishi wa Meya yuko nje na mkokoteni wenye majani, amekuja kuchukua klavikodi. Amebisha hodi mara mbili. Atasubiri. Nataka kwanza niyaweke sawa niliyoyaona, maana nikitoka nitayasimulia vibaya.

Tuliporudi ibadani Nestler akakaa kujaribu mara ya mwisho. Gogo. Nikasema basi, tumekwisha, nikaanza kuhesabu mashuka ya kwenda nayo. Rosina akapita kuchukua karatasi za muziki pale juu ya kinanda. Akanyoosha mkono juu ya bega la Nestler.

Noti ikalia.

Nikaacha mashuka.

"Rosina, ondoka hapo." Akaondoka. Gogo. "Rosina, rudi." Akarudi. Inalia! "Toka." Gogo. "Rudi."

"Bibi, mimi si kamba ya kengele!"

Lakini alikuwa mwekundu kuliko kiazisukari, na yule mwingine alikuwa ameinamisha uso hadi pua inagusa vibao. Miaka sitini na nane mimi, nimezaa saba, na sikuliona hilo. Tulimdondoshea pipa!

Nikasema vizuri, mambo yameisha, Rosina utakwenda kwa Meya, utasimama nyuma yake, kazi kwisha. Akaweka karatasi chini.

"Siendi."

"Kwa nini huendi?"

"Mke wa Mkuu wa Jimbo ataona. Ana macho. Mji mzima utajua kabla ya chakula."

"Wajue! Tena wajue mapema."

"Bibi, nikienda, anapata kazi kwa ajili yangu. Akipata kazi, anapewa mimi pamoja na ngazi na ghala. Hakuna aliyeniuliza. Hata yeye hajaniuliza."

Hapo nikayakalia mashuka niliyokwisha kuyahesabu. Si kawaida yangu. Mimi nilipewa Gottlob pamoja na nyumba hii hii, na ghala hili hili, na hakuna aliyeniuliza. Nilimzoea kufikia mwaka wa sita. Nilikuwa nadhani ndivyo ilivyo kwa wote.

Nestler akainuka. Akagonga kichwa kwenye boriti, kama kila siku.

"Bi Rosina. Nitakwenda peke yangu. Nitapiga kwa mkono wangu ulivyo, na nitawaambia ukweli wa Ijumaa. Wakinikataa, nitaliomba baraza liwaachie nyumba hadi Pasaka." Kisha akapapasa uvimbe kichwani. "Na nikikataliwa, nitakuja kukuuliza. Bila ogani sitakuwa na nyumba ya kukupa. Kwa hiyo utaweza kusema hapana bila hasara yoyote."

Mjinga! Mjinga wa kutupwa! Na sikuweza kumgombeza, nilikuwa natafuta leso.

Rosina akaziokota karatasi. Kisha akamuuliza kama anajua kwamba ukurasa wa tatu umechanika na hauwezi kufunuliwa na mtu anayepiga.

Akasema anajua.

"Kwa hiyo utaufunua kwa kitu gani, kwa meno?"

Sasa wamesimama wanatazamana, klavikodi katikati yao, na mtumishi anabisha hodi ya tatu, na mke wa Mkuu wa Jimbo amekwisha kaa kwenye kiti kizuri cha Meya. Sijui wataamua nini na sina muda wa kungoja. Naweka kalamu. Rosina, vaa viatu vya kanisani, vya jikoni hapana! Nestler, shika upande mzito wa kinanda, Rosina ashike mwepesi, na chungeni kizingiti. Mwulize kabla hamjafika kwa Meya. Mimi nitakuja nyuma yenu na karatasi, na nitatembea polepole.