Magoti ya Shemeji Mwishehe

Bagamoyo,
Jumapili, mwezi wa Rajabu

Kwa dada yangu mpenzi Mwanamkasi binti Majaliwa, Mlingotini.

Shikamoo dada. Nakuletea salamu nyingi, wewe na wote waliomo nyumbani. Je, ule mguu unakuuma bado? Na mwanao Mina, kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima wa mwili, ila mimi chakula hakipiti. Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, si zile za Kizungu ninazojitapa nazo kila siku. Sababu ipo, utaijua.

Dada, najua mumeo amerudi nyumbani hana kazi, na watu wanasema Mzungu kamfukuza kwa ukaidi wake. Ngoja nikueleze yalivyokuwa.

Mwezi uliopita Bwana Meneja mpya wa ghala la mbata za nazi aliniita ofisini. Alitaka watu wote wa ghalani wavae kaptula za kaki, zile fupi za kuacha magoti nje, na kanzu na shuka asizione tena. Akaniuliza mimi, karani wake, kama dini yetu ina neno juu ya hilo. Nami na suruali yangu ndefu ya ukarani, nikijiona nani sijui, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna neno hata kidogo. Nilitaka anione mtu wa kisasa. Lo, ujinga gani ule!

Kaptula zikaja. Watu wakazivaa, lakini juu yake wakafunga shuka, maana adhuhuri wote husali nyuma ya ghala, na imamu wao ni huyo huyo mumeo, Shemeji Mwishehe, mpima mizani. Bwana akawaka. Akaniweka mlangoni kila asubuhi niwafungue shuka watu wazima, wengine umri wa baba yetu. Mzee Kibwana alifungua yake machozi yakimlengalenga, na tangu siku ile salamu yangu haitikii. Shemeji yeye hakufungua. Alisema kwa upole kwamba kaptula ile haivai bila shuka, na kama nataka, nimpeleke kwa Bwana.

Nilimpeleka. Mkalimani ni mimi. Shemeji akaeleza kwamba baina ya kitovu na magoti ni utupu wa mwanamume, naye hawezi kuwasalisha watu mapaja wazi. Akasema kazi anaipenda, miaka kumi na moja hajakosa siku. Akiruhusiwa, atashona suruali ya kaki hiyo hiyo, ishuke chini ya magoti, na kitambaa atanunua mwenyewe. Bwana akanigeukia, akauliza mtu huyu anasema nini.

Hapo, dada, ndipo nilipoiuza nafsi yangu. Ningeyafasiri yale, Bwana angejua kwamba nilimdanganya tangu mwanzo. Nikamwambia kwamba huyu amechoka na kazi, na anasema nguo ya Mzungu havai. Bwana akamfukuza palepale.

Tulipotoka nje Shemeji alinishika mkono, akanishukuru kwa kumsemea. Akaniombea dua, dada. Mimi!

Kesho asubuhi, kabla ghala halijafunguliwa, nitamwambia Bwana yote, na kazi iende ikitaka kwenda. Lakini woga wangu unaujua tangu utotoni, kwa hiyo natanguliza barua hii leo kwa mkono wa Msabaha, nisipate pa kurudi nyuma.

Wewe dada husomi, na hapo nyumbani herufi hizi anazijua mmoja tu. Basi wewe unayemsomea dada yangu, ukifika hapa ukataka kuiweka chini barua, ni haki yako. Uliyemshukuru siku ile ndiye aliyekufukuza. Nisamehe, Shemeji. Na kama huwezi, usiichane. Msomee dada mpaka mwisho.

Nisalimieni jirani zetu wote, na Mina mbusuni kwa ajili yangu.

Ni mimi ndugu yenu mwenye aibu,
Husseni bin Majaliwa