Mtoto Asipelekwe Ziwani Alfajiri

Tabora

Mdogo wangu Mwamini,

Amani ikufikie hapo Rumonge, wewe na wote waliobaki chini ya paa lako. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua na masikio yameanza kuchagua ya kusikia. Nyinyi je, mnalala nyumbani, au bado mnakimbilia kwenye michikichi mkisikia risasi? Barua yako aliileta yule mchuuzi wa samaki wa Kabonga, aliyevuka hadi Kigoma, akapanda treni mpaka huku. Ilinuka mawese. Niliinusa kabla ya kuisoma, usinicheke.

Umeandika kwamba mjukuu wako Zaina anavimba vidole vya mikono na miguu, analia kwa maumivu, macho yana umanjano, na kwamba kila alfajiri unamtumbukiza ziwani mpaka shingoni, kama mama alivyofanya, ili baridi itoe uvimbe. Mwamini, acha leo hii. Mfunike mtoto kwanza, kisha urudi usome.

Ulikuwa mdogo, huenda humkumbuki vizuri Salima aliyekufuata. Alikuwa na miaka mitatu, na vidole vyake vilikuwa hivyohivyo, vinene, vinang'aa. Mama alinituma mimi nimpeleke majini kwa kuwa nilikuwa na nguvu, yeye akabaki amesimama kwenye mchanga. Nilimshika Salima kwapani, maji yakamfika kidevuni.

"Anatetemeka, mama!"

"Mushikilie tu. Baridi itatoa uvimbe."

"Kaka, maji yananiuma," Salima akasema, amening'ang'ania shingo.

Nikamtania: "Mukeke gani wewe, samaki anayeogopa maji?" Akacheka, meno yakigongana. Tulimpeleka asubuhi tatu. Ya nne hakuamka. Baba akasema damu mbaya ilitoka kwa watu wa mama, na mama aliishi na maneno hayo mpaka alipokufa.

Tangu nistaafu ualimu, ninaandikisha wagonjwa kwenye maabara ya hospitali hapa. Barua yako nilimsomea mama anayepima damu, Mnyamwezi mmoja mwenye maneno mengi.

"Mzee Idi, lete kidole," akasema.

"Changu? Anayeumwa ni mtoto wa Rumonge!"

"Lete. Nyinyi walimu mnabishana hata na sindano."

Alichanganya tone langu la damu na dawa inayoondoa hewa, akalifunika kwa kioo, tukangoja. Kisha akaniita kwenye darubini. Chembe nyingi, ambazo zingepaswa kuwa duara, zilikuwa zimejikunja kama mundu wa kuvunia mpunga. Hiyo ni damu yangu, Mwamini, mimi niliyefika uzee huu.

Nimeazima vitabu, nimesoma, na sasa nakueleza nilichoelewa. Wekundu wa damu unatokana na protini inayobeba hewa mwilini. Mwili huiunga kipande baada ya kipande, kama punje kwenye uzi wa tasbihi, ukifuata maagizo tuliyorithi: nakala moja kwa baba, nyingine kwa mama. Katika nakala moja ya kwetu kuna kosa dogo mno, na kwa kosa hilo punje ya sita inakuwa siyo ile iliyotakiwa. Punje moja tu! Hewa ikipungua, protini hizo zinashikana, chembe inajikunja, inaziba mishipa midogo, na hapo ndipo vidole vinapovimba. Baridi huzidisha. Kiu na homa pia.

Mwenye nakala moja yenye kosa kwa kawaida haumwi. Hata malaria kali hupata shida kumwangusha, na ndiyo maana kosa hili limeenea kwenye pwani yetu yenye mbu. Anayeumwa ni mtoto aliyepata mbili. Salima alizipata mbili, kwa hiyo baba naye alikuwa na kosa hilo. Mama alibeba peke yake lawama ya watu wawili.

Umeandika pia kwamba mwanao Saidi anataka kumrudisha mkewe, mama yake Zaina, kwao Uvira; basi usimruhusu. Neema hakuleta ugonjwa nyumbani kwako. Kama Zaina anao, nusu ni ya kwetu.

Mimi si daktari, na siwezi kumpima kutoka huku. Njia ikifunguka, mpelekeni apimwe. Kabla ya hapo aoge maji ya uvuguvugu, anywe maji mara kwa mara, alale ndani ya chandarua, na homa ikianza msingoje. Nimempa mchuuzi sweta ya sufu na vidonge. Maelezo ya vidonge yameandikwa na daktari wa hapa. Mkilazimika kukimbia kwa mtumbwi, mvisheni hiyo sweta kabla hamjagusa maji.

Nisalimie Neema, umsomee barua hii yote. Nisalimie Saidi, na jirani yako mkamua mawese, na mwalimu wa madrasa kama bado yupo.

Tangu nilikimbie ziwa katika vita ile ya kwanza, hakuna ninachokitamani kama baridi yake ya alfajiri miguuni, wavuvi wa Magara wakiwa wanavuta mitumbwi mchangani. Na ndiyo hiyo ninayokukataza kumpa mtoto. Kesho mwache Zaina kwenye blanketi, uende peke yako. Ingia mpaka magotini, usimame kidogo kwa niaba yangu na ya Salima. Kisha ujikaushe vizuri, mikono ipate moto, ndipo umshike mtoto.

Kaka yako,
Idi