Majibu ya Mtu Mwingine

4 Mei

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Mimi na mama yako tunaendelea, ila magoti yake yanalalamika akiona ngazi. Wewe je? Unakula, au ni chai tu mbele ya kompyuta?

Ule uchovu ulinipeleka zahanati juzi. Walinitoa damu asubuhi, na kabla sijafika nyumbani majibu yakaingia kwenye simu: sukari sawa, kila kitu sawa. Nimemwonyesha kila mteja. "Mfumo huu kautengeneza binti yangu!" Mama yako anasema nimeanza kuringa. Nisiringe kwa nini?

Uchovu bado upo. Ndio uzee huo.

Baba yako, fundi cherehani

12 Mei

Baba, shikamoo.

Nimekupigia mara tatu hupokei, najua simu iko kwenye droo ya vifungo. Ukisoma hapa, acha cherehani uende kupimwa upya. Yale majibu huenda si yako.

Jambo lenyewe liko hivi. Programu yetu ikituma ombi maabara kwa njia ya mtandao, haikai kungoja. Inaiweka kando kazi ya mgonjwa huyo na kushika ya mwingine. Jibu likija, inairudia ile ya kwanza ilipoishia. Mimi jina la mgonjwa nililiweka mahali pamoja panapotumiwa na kazi zote. Kwa hiyo jibu likirudi, linakuta jina la mgonjwa aliyefuata. Wagonjwa wakiwa wachache kosa halionekani. Siku uliyopimwa walikuwa wengi.

Nimeshalirekebisha: kila ombi linaondoka na jina lake na kurudi nalo. Lakini watu arobaini na mmoja walipata majibu yasiyo yao. Bosi ametukataza kusema mpaka wanasheria wakae. Nimekuandikia wewe tu, Baba. Tafadhali, yaishie hapo.

Binti yako

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima.

Nilipimwa kesho yake. Ni sukari, na imepanda sana. Dawa nimeanza. Mama yako amefungia sukari kabatini na ufunguo anatembea nao.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya hasira. Nilikuwa nikiandika, nachana. Maana kama sukari ni yangu, kuna mtu aliambiwa anayo ilhali hana. Anameza dawa kama hizi zangu. Umelifikiria hilo?

Unajua kazi yangu. Nguo ikienda kwa yule wa kutoboa matundu ya vifungo, jina la mwenyewe linabanwa kwa pini kabla haijavuka mlango. Mwaka mmoja nilisahau, suruali ya bwana harusi ikaenda kwa mtu mwingine. Nilikwenda nyumbani kwa wote wawili, nikaomba radhi na jasho linanitoka. Na ile ilikuwa suruali tu!

Umeniokoa, na nakushukuru mwanangu. Lakini wale arobaini hawana binti ofisini. Nami nimekaa siku sita nimefunga mdomo, kwa hiyo sijitoi lawamani. Wapigie. Kazi ikipotea, chumba chako kipo.

Baba yako

30 Mei

Baba, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu.

Nafurahi dawa zimekukubali vizuri. Mimi mwili mzima, moyo la.

Niliwapigia. Nilichukua orodha nikaketi kwenye ngazi za ofisi, nikawapigia mmoja mmoja, nikajitaja jina na kusema kosa ni langu. Bosi alinikuta nimefika wa kumi na mbili. Sina kazi tena. Hakuninyang'anya orodha, nikamaliza nyumbani. Wengine walinitukana, haki yao. Mzee mmoja alinishukuru, na hiyo iliniuma kuliko matusi.

Aliyepewa majibu yako ni mwalimu, mwanamke wa umri wangu. Simu yake ilipokewa na mumewe. Mkewe alikuwa akimeza dawa kila siku bila kukosa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Tarehe kumi na tano dawa zilimshusha sukari kupita kiasi, akaanguka darasani, ubao umejaa hesabu. Hakuamka tena.

Mumewe hakupiga kelele. Aliniuliza kosa nililijua lini.

Nikamwambia tarehe, Baba. Akauliza kama kuna yeyote niliyemwonya siku hiyo.

Nikamwambia yupo.

Binti yako