Mpira Ulioukata Kwenye Bustani ya Mama

Mpendwa Tata, baba yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya Tantine, gari lako ulilolinunua kabla mimi sijazaliwa. Nimeliegesha hapa hapa uani kwetu Kolwezi, mahali ulipokuwa ukiliosha kila Jumamosi. Bado lipo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza hali yangu.

Lakini ilibakia kidogo tu liondoke. Mwezi uliopita nilikuwa namrudisha Mama kutoka shambani, njia ya Mutshatsha. Kwenye ule mteremko wa kuingia darajani nikakanyaga breki, na pedali ikawa ngumu kama ngazi ya kanisa. Nikasukuma kwa miguu yote miwili. Gari likapunguza mwendo shingo upande, likaacha barabara na kuishia ndani ya magunia ya makaa ya watu. Hatukuumia. Mama alishuka, akajipangusa weusi usoni, akasema, "Mi sipande tena umu. Uite ba mitraille, bakuye bakate." Nikawaita watu hao wa vyuma chakavu, wakakubali kuja kulikata Jumamosi.

Unamkumbuka Mama ndani ya gari, Tata. Miaka yote alikaa upande wake akikanyaga sakafu kila ulipokaribia kona. Wewe ulikuwa ukicheka: "Mama, upande yako haina freni." Naye hakukosa jibu: "Njo maana natengeneza yangu."

Mimi ndiye niliyekuwa na breki ya kweli. Ulipokuwa ukilala chini ya gari kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, mimi nilikaa kwenye usukani nikisubiri sauti yako. "Kanyaga! Kamata! Leka!" Nami naachia. Ukanipa jina: muguu yangu. Leo nina duka la vipuri sokoni, na wanaume wazima huja kuniuliza magari yao yanaumwa nini. Basi fikiria aibu ya kushindwa na gari la kwetu.

Nilimwita fundi Kazadi. Akabadilisha pedi, akatoa hewa, akakanyaga, akafurahi. "Pedali iko nguvu, mama. Freni iko bien." Hapa kwetu kila mtu anaogopa pedali inayozama, kwa hiyo ile inayogoma inasifiwa. Nikamwambia pedali nzima haibishani na mguu wa mtu.

Nikakumbuka kipimo chako. Zima injini, kanyaga mara nne tano mpaka pedali iwe ngumu, acha mguu hapo hapo, halafu washa. "Ukisikia muguu inashuka kidogo, servo iko muzima." Servo ndiyo lile sufuria jeusi ulilonionyesha chini ya boneti, ukasema injini hunyonya hewa ndani yake ili kuusaidia mguu. Nikawasha. Mguu ukashuka. Kazadi akaniangalia kwa jicho la si nilikuambia.

Sikukubali. Nikalizungusha gari mjini mpaka injini ikapata moto sawasawa, nikarudia kipimo. Safari hii mguu haukushuka hata chembe. Kumbe ugonjwa unakuja na joto. Nikachomoa kile kidude kinachopitisha hewa upande mmoja tu, nikakipuliza: kizima. Kikabaki kitu kimoja, ambacho nilikuwa nakikwepa tangu asubuhi. Ni ule mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye servo.

Niliukwepa kwa sababu uliuweka wewe. Wakati ule vipuri havikupatikana popote, ukachukua kisu ukakata mpira mweusi wa Mama wa kumwagilia lengalenga zake, mchicha wa bustanini. Alikununia wiki nzima. Wewe ukakaza vibano viwili, ukaupigapiga kwa kiganja: "Iyi mupira haitakufa mbele yangu." Ningeushuku vipi? Kazi ya mkono wako sikuwahi kuikagua ukiwa hai, na hata sasa niliogopa kama vile ungenigombeza.

Nikafungua boneti injini ikinguruma. Mpira ulikuwa umelainika kwa moto na kubonyea ndani, kama mashavu ya mtu anayenyonya muwa. Hewa haipiti. Tata, nilikukasirikia, nikacheka, kisha nikalia mbele ya Kazadi bila hata kujificha. Ulitimiza neno lako, mpira haukufa kabla yako. Ila hukutuambia baada yako tufanyeje. Na mpira unaofaa, ule mgumu wenye nyuzi, ulikuwa unaning'inia kwenye msumari dukani kwangu, nauuza kwa mita.

Kuufunga hakukuchukua muda. Jumamosi asubuhi, kabla ya watu wa vyuma kufika, nikamwambia Mama twende shambani. Akakataa. Nikampa ule mpira wa zamani mkononi. Akaugeuza, akaunusa.

"Iyi njo mupira ya bustani yangu?"

"Njo yenyewe, mama."

"Mi nilimuambia! Nilimuambia ule mutu!"

Akajifunga kitambaa kichwani, akapanda, akikugombeza njia nzima.

Kwenye mteremko injini ilikuwa na moto wake wote. Nikakanyaga kwa mguu mmoja, taratibu. Pedali ikaitikia, na Tantine akasimama kabla ya daraja, pale pale nilipotaka. Sikushangaa, nilijua atasimama. Nikageuka kumtazama Mama. Alikuwa amevua viatu, amekunja miguu juu ya kiti, anamenya karanga.

Watu wa vyuma walikuta lango limefungwa. Mpira wako Mama ameuweka kabatini pamoja na saa yako, na amekataza mtu yeyote asiutupe. Nakukumbuka sana, Tata, na zaidi nikifungua boneti. Pumzika sasa. Tantine nimeshamshika.

Ni mimi binti yako,
muguu yako.