Unga wa Nyumba ya Msiba

Baba Theresia, mume wangu,

Nakusalimu sana huko uliko. Mama yako hajambo, magoti tu yanamsumbua na baridi hii. Anasema anakuja, ila usimharakishe. Theresia hajambo, anakupa shikamoo. Emanueli hajambo, amefuga nywele kama mkia wa ndama, nimeshindwa naye. Anjela hajambo, ameng'oka jino la mbele, anakuamkia na pengo lake. Hata ng'ombe wako mwenye doa amezaa jike. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii.

Baba Theresia, mashine yako ya kusaga ilitaka kuuzwa. Usishtuke, nisikilize kwanza.

Tulipokuzika tulikaa tukalia mpaka wageni wakaondoka, halafu Theresia akafungua mashine. Hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu. Anawasha injini, inanguruma peke yake, anazima ili dizeli isiishe bure. Na ile mashine mpya ya umeme barabarani inasaga kutwa. Akina mama wanapita mlangoni kwetu na mahindi kichwani, wanainamisha uso, wanapita. Hata mke wa Bura! Yule uliyekuwa unamsubiri na mahindi yake hata giza likiingia! Usingizi ukaniisha. Nikawaza Emanueli aliyerudishwa nyumbani kwa ada, nikawaza dawa za mama. Mdogo wako akasema, "Shemeji, uza kabla haijawa chuma chakavu. Kaka alikuwa anasagia misiba bure, ona sasa, wamemfaa nini?" Akaleta mnunuzi kutoka mjini Katesh, mtu huyo akaizunguka mashine anaipigapiga kama ng'ombe wa mnadani.

Ndipo mama yake Sulle akafariki, ng'ambo ya korongo. Wewe ukisikia msiba ulikuwa huulizi hata ni nani. "Mama Theresia, toa debe, watu watakula nini?" Nami nagomba, na dizeli je? Unacheka tu, unga umejaa kwenye nyusi. "Mashine hii majirani ndio waliivuta kwenye tope tukaifikisha hapa." Basi siku hiyo mkono ulikwenda wenyewe. Nikamwambia Theresia washa. Tukasaga mahindi yetu, nikajitwika debe, nikaenda.

Nilipoingia kwa Sulle, akina mama kwenye mafiga waliacha kukoroga. Mke wa Bura akashusha mwiko. "Mama Theresia! Kumbe umeshatoka ndani?"

Nikasema nimetoka zamani, nyie ndio mmenihama.

Akashika kichwa. "Tukuhame twende wapi? Tulisema mjane tusimwendee na debe la mahindi, tutaonekana tunamharakishia msiba wake. Tunangoja atokee mwenyewe kwa watu."

"Na mashine si ilikuwa inanguruma?"

"Tulijua Theresia anaipasha moto isishike kutu!"

Baba Theresia, wao wananingoja mimi, mimi nawangoja wao, na yule mtu wa Katesh anatungoja wote! Mwingine akadakia, "Yule kijana wa umeme anasaga anachezea simu. Mtu ukifiwa, pole yenyewe hatoi. Tumechoka naye." Tukacheka pale pale msibani, Mungu atusamehe.

Asubuhi madebe yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye zizi. Theresia alikosa pa kupita. Nikamwambia mdogo wako, shemeji, mnunuzi wako mwambie arudi kwao. Akauliza kumetokea nini. Nikamwonyesha foleni. Akavua koti akaanza kubeba magunia. Na Emanueli amerudi shule. Nilikuwa nagombana na wewe kwa ule unga, kumbe ndio unatulisha sasa, na wewe hupo ule na sisi.

Nimekukosa, baba. Nikisikia injini nageuka, najua ni wewe unaingia unapangusa nyusi.

Pumzika. Nakuahidi, nikiwa hai, nyumba iliyofiwa haitalipa kusaga mlangoni pako. Theresia nimeshamwambia asingoje kuombwa, apeleke mwenyewe.

Ila mashine nimekataa kuiuza bila kukuuliza, na moyo bado unanidunda. Dizeli inapanda, umeme uko pale pale barabarani. Njoo hata ndotoni uniambie kama nimefanya vizuri. Njoo upesi, unajua mimi sijui kungoja.

Mkeo,
Mama Theresia